Nuru Ipitayo Ngara na Ishuke Ngara

Asimamaye juu ya daraja la Rusumo, wilayani Ngara, huona kazi ya maji isiyohitaji kuelezwa. Mto Ruvubu utokao Burundi na Mto Kagera utokao upande wa Rwanda hukutana jirani na hapo, ikawa mto mmoja. Kisha maji yote hujitupa kwa kishindo katika maporomoko na kushika njia ndefu ya kwenda Kyaka, na hatimaye Ziwa Victoria. Yakishachanganyika, maji hayo hayachambuliwi tena. Hakuna fundi awezaye kukaa Kyaka na ndoo mbili mkononi akasema: haya ni ya Ruvubu, na haya ni ya Kagera.

Lakini mpakani hapo hapo upo mto mwingine usio na kishindo wala povu. Ni mto wa nuru. Unapita ndani ya nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele, nazo ni sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano utokao Dar es Salaam hadi mipaka ya nchi yetu. Katika mto huu hukusanywa mikondo mingi: sauti za simu, hesabu za benki, hati za forodha, barua za serikali, picha na magazeti. Mikondo hiyo huchanganywa kwa makusudi, husafiri pamoja ndani ya uzi mmoja, na mwisho wa safari huchambuliwa tena, kila mmoja ukaenda kwa mwenyewe bila kupungukiwa hata herufi moja. Lile lisilowezekana kwa maji ya Rusumo, kwa nuru limewezekana.

Elimu hiyo wataalamu huiita maltipleksi ya urefu wa mawimbi. Jina ni gumu, maana si ngumu. Safu hii yataka leo kuieleza kwa lugha ya kawaida kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lipitalo katika ardhi ya wananchi yafaa lijulikane na wananchi. Pili, ndani ya elimu hiyo limo jibu la swali ambalo watu wa Ngara na Biharamulo wana haki ya kuuliza: nuru hii ipitayo kwetu ikienda kwa majirani, yatushukia kwa kiasi gani, na ni nani wa kuamua ishuke wapi?

MILANGO MITATU YA KAGERA

Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya Afrika Mashariki na dunia yalitegemea mno satelaiti, njia ambayo ni ghali na yenye nafasi ndogo. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM, uliolazwa chini ya Bahari ya Hindi, ulianza kazi na kuiunganisha Dar es Salaam na nchi za mbali. Mwaka 2010 ulifuata mkongo wa EASSy, utokao Sudan hadi Afrika Kusini kwa kufuata pwani ya mashariki ya bara letu. Lakini bandari si nchi nzima. Shehena ikishateremshwa bandarini yahitaji barabara ya kuifikisha bara. Na barabara ya nuru ndiyo Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na ambao usimamizi wake ulikabidhiwa TTCL.

Mkongo huo umefika katika mipaka yetu na nchi jirani, na ndani ya Mkoa wa Kagera peke yake una milango mitatu: Mutukula kwa Uganda, Rusumo kwa Rwanda, na Kabanga kwa Burundi. Milango miwili kati ya hiyo mitatu imo katika Wilaya ya Ngara, na njia ya kuiendea kutoka Dar es Salaam hukatiza Biharamulo, kama zikatizavyo barabara katika njia panda ya Nyakanazi. Kwa hiyo wilaya ambazo katika ramani ya Tanzania zaonekana kuwa pembeni kabisa, katika ramani ya mawasiliano ya Maziwa Makuu zimo mlangoni.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Bumbire, Goziba na Ikuza, wa Maisome, Kome na Ukara, wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mpakani tu. Simu ya mvuvi aulizaye bei ya sangara au dagaa huruka hewani hadi mnarani, na aghalabu mnara wa kisiwani huyavusha maneno yake juu ya maji kwa mawimbi ya redio. Lakini yakishafika bara, safari ndefu ya kwenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam ni ya uzi wa kioo. Uzi huo ukiwa mwembamba wa nafasi, au ukikatika, mvuvi wa Goziba naye atanyamaza, ijapokuwa kisiwani kwake hapajawahi kuchimbwa hata shimo moja la mkongo.

UZI WENYEWE

Tuanze na uzi. Mwaka 1966 mhandisi Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, walitoa maandishi wakisema kwamba kioo kikisafishwa sawasawa kitaweza kuchukua nuru kwa masafa marefu. Wakati ule nyuzi za kioo zilizokuwapo, kwa urefu wa mita 20 hivi tu, zilimeza sehemu 99 za nuru kati ya 100. Miaka minne baadaye, mwaka 1970, wataalamu watatu wa kampuni ya Corning ya Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walitengeneza uzi ambao ulibakiza sehemu moja kati ya 100 baada ya kilomita nzima. Leo uzi mzuri hubakiza nusu ya nuru yake baada ya kilomita 15. Kao alitunukiwa Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2009, mwaka ule ule SEACOM ilipoanza kazi Dar es Salaam.

Uzi huo una unene wa thumuni ya milimita, yaani sehemu moja kati ya nane. Katikati yake kipo kiini chembamba zaidi, na humo ndimo nuru ipitamo. Kwa nini nuru haitoki nje kwa ubavuni? Mvuvi aliyepata kupiga mbizi ziwani anajua jibu: akiwa chini ya maji akatazama juu kwa mshazari, huona uso wa maji uking'aa kama kioo cha kujitazamia, asione mbingu. Nuru iliyo ndani ya maji, ikiupiga uso huo kwa mshazari mkali, hurudi ndani. Hali kadhalika nuru iliyo katika kiini cha uzi hurudishwa ndani kila igusapo mpaka wake, ikasonga mbele hata uzi ukipinda.

Kusema kwa nuru ni kuwasha na kuzima. Leza, ambayo ni taa ndogo ya nuru iliyo safi ya rangi moja, huwashwa na kuzimwa mara nyingi mno kwa sekunde. Ikiwaka ni moja, ikizimika ni sifuri, na kwa alama hizo mbili huandikwa kila kitu. Mtambo wa gigabiti 10 huandika alama bilioni 10 kwa sekunde moja, nafasi ambayo ingetosha mazungumzo ya simu zaidi ya 120,000 kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, kuna mwisho wa kasi ya kuwasha na kuzima taa moja. Njia ya zamani ya kuwahudumia watu wengi kwa taa moja ilikuwa kupokezana zamu, kama malori yanavyofuatana moja nyuma ya jingine kuelekea Rusumo. Malori yakizidi, foleni nayo huzidi. Basi yakawapo mawili ya kuchagua: kulaza nyuzi nyingine, au kutafuta njia ya kuyapitisha malori mengi mahali pamoja kwa wakati mmoja bila kugongana. Hiyo njia ya pili ndiyo maltipleksi ya urefu wa mawimbi.

MAWIMBI NA RANGI

Wazee wetu waliozoea kuzungusha kisu cha redio wakitafuta mitabendi wameielewa elimu hii zamani, ila hawakuambiwa kwamba wameielewa. Hewa iliyo juu ya paa la nyumba ni moja. Lakini ndani yake, kwa wakati ule ule, zimo idhaa za Dar es Salaam, imo Redio Kwizera iliyoanza Ngara mwaka 1995, na zimo idhaa za nchi jirani. Hazigombani, kwa kuwa kila moja imepewa urefu wake wa wimbi, na kisu cha redio huchagua mmoja na kuiacha mingine ipite.

Nuru ni wimbi la jamaa ile ile, ila ni fupi sana. Na urefu wa wimbi la nuru ndio tuuitao rangi: jekundu lina wimbi refu, zambarau fupi. Jambo hili lilitafutwa tangu kale. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona. Yapata mwaka 1300, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefuata nyayo zake, alichukua tufe la kioo lililojazwa maji, akalifanya mfano wa tone la mvua, akaonyesha jinsi nuru ipindavyo ndani yake na kutoa rangi za upinde wa mvua. Mwaka 1666 Isaac Newton wa Uingereza aliipasua nuru ya jua kwa mche wa kioo ikawa rangi mbalimbali, na katika majaribio yake akazikusanya tena rangi hizo zikarudi kuwa nuru nyeupe.

Msomaji na azingatie tendo hilo la Newton, maana ndilo moyo wa habari yetu. Rangi zinaweza kukusanywa zikawa mshale mmoja wa nuru, na mshale huo ukaweza kupasuliwa tena ukawa rangi zile zile. Maji hayana sifa hiyo. Nuru inayo.

Katika mkongo, rangi zitumikazo hazionekani kwa jicho la mwanadamu. Sisi twaziita rangi kwa kufananisha tu. Nyingi zimo kati ya nanomita 1,530 na 1,565, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Zimechaguliwa hizo kwa sababu ndizo ambazo kioo huzimeza kidogo kuliko nyingine. Eneo hilo la nuru limegawanywa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, kama afisa ardhi apimavyo viwanja. Kiwanja kikiwa na upana wa nanomita 0.8 hivi, hupatikana rangi 40 na kidogo. Kikipunguzwa nusu, hupatikana 80 na zaidi. Kila mwenye leza hana budi kukaa ndani ya mipaka ya kiwanja chake asimwingilie jirani.

Kazi yenyewe ni ya hatua nne. Dar es Salaam, kila mkondo wa habari hupewa leza ya rangi yake. Kisha kichanganyio huzikusanya rangi zote na kuzitia katika uzi mmoja. Njiani, nuru ikichoka, hutiwa nguvu na kikuza nuru. Mwisho wa safari, kichambuzi hupasua mshale ule ukawa rangi zake, na kila rangi hupelekwa kwa mpokeaji wake. Kwa kurudi hutumika uzi mwingine, kwa utaratibu ule ule.

Hesabu yake ni hii. Rangi 40, kila moja ikichukua gigabiti 10, ni gigabiti 400 katika uzi mmoja, nafasi ya mazungumzo ya simu zaidi ya milioni 4 kwa wakati mmoja. Rangi 80, kila moja ikichukua gigabiti 100 kama mitambo ya leo iwezavyo, ni gigabiti 8,000. Na uzi ni ule ule, mwembamba kama unywele, katika mtaro ule ule.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ni kwamba mtaro haufukuliwi tena. Anayejenga mkongo hugharimiwa sana na jembe kuliko kioo: kuchimba, kuvuka mito na barabara, kulipa fidia, kufukia. Mwaka 1996 kampuni ya Ciena ya Marekani ilipotoa mtambo wa rangi 16, wenye mikongo walitambua kwamba uzi waliokuwa wameulaza zamani waweza kuzidishwa mara 16 kwa kubadili mashine za miisho tu. Nchi isiyo na fedha nyingi yapaswa kuipenda zaidi elimu kama hii, maana yazidisha mali ya umma ambayo imekwisha kulipiwa.

Faida ya pili imo katika kikuza nuru. Tumesema kwamba nuru hupungua nusu kila kilomita 15. Baada ya kilomita 90 hubaki sehemu moja kati ya 64. Zamani ilibidi kila baada ya masafa fulani nuru igeuzwe kuwa umeme, isafishwe, kisha igeuzwe tena kuwa nuru, na kila rangi ingehitaji mashine yake. Mwaka 1987 kundi la David Payne katika Chuo Kikuu cha Southampton, na Emmanuel Desurvire akiwa katika maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba uzi uliotiwa madini ya ebiamu, ukiamshwa kwa leza ya pembeni, huitia nguvu nuru ipitayo bila kuigeuza kuwa umeme, tena huzitia nguvu rangi zote kwa pamoja. Tukadirie njia ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo, yenye vituo 15 hivi. Kwa rangi 40, njia ya zamani ingedai mashine 600 kwa upande mmoja. Njia ya sasa yadai vikuza nuru 15. Kila mashine iliyopunguzwa ni umeme uliookolewa, na ni fundi asiyelazimika kusafiri usiku.

Faida ya tatu ni kwamba rangi hazijuani. Rangi moja yaweza kukodishwa na kampuni ya simu, ya pili na benki, ya tatu ikachukua mawasiliano ya Rwanda kupitia Rusumo, ya nne ya Burundi kupitia Kabanga, ya tano ikawa ya ofisi za serikali. Kila mmoja hutumia kasi na taratibu zake bila kusoma wala kuvuruga ya mwenzake. Hakuna haja ya kila kampuni kuchimba mtaro wake kando ya barabara ile ile. Mtaro mmoja wa taifa watosha, nayo kodi ya rangi hurudi kwa taifa.

Faida ya nne ni kukua kwa kadiri ya mahitaji. Mtu aweza kuanza na rangi nne, akaongeza ya tano siku fedha itakapopatikana, na wale wanne wa kwanza wasizimiwe hata dakika moja.

RANGI HUSHUKA PALE ITAKAPOAMRIWA

Faida ya tano ndiyo iliyotusukuma kuandika. Rangi haina lazima ya kusafiri hadi mwisho wa uzi. Katika mji wowote wa njiani chaweza kuwekwa kifaa kinachoiteremsha rangi moja na kuziacha nyingine zote zipite, na katika nafasi ya ile iliyoshuka kikapandisha rangi mpya itokayo hapo. Ni kama basi lishushalo abiria wa Biharamulo na kumchukua mwingine wa kwenda Ngara, bila kuwateremsha wote waendao Kigali.

Maana yake ni nini kwa kiongozi na kwa mwananchi? Maana yake ni kwamba tukiulizwa kwa nini nuru inafika Kigali na Bujumbura ilhali zahanati iliyo mwendo mfupi kutoka mtaroni bado yatuma taarifa zake kwa pikipiki, hatuwezi kusingizia sayansi. Sayansi imekwisha kusema kwamba inawezekana. Kinachobaki ni mipango, bajeti na uamuzi, na hayo yote yamo mikononi mwa watu.

Nimewahi kumwona, katika kata moja ya mpakani, karani aliyepanda kilima kila jioni akiwa ameishika simu juu kama mtu aombaye mvua, ili takwimu za wiki zipate kwenda wilayani. Siku ya mawingu na radi alirudi nazo mfukoni. Takwimu zile zilikuwa za wagonjwa.

Na ugonjwa haungoji mawingu yapite. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani Biharamulo. Mlipuko ule ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, ulikuwa umechukua watu 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kuwa yamkini waliugua. Marburg si ugonjwa wa kuzuiwa kwa mkongo. Huzuiwa na waganga, wauguzi na wananchi wenyewe. Lakini wote hao hufanya kazi kwa habari. Mgonjwa wa kwanza akijulikana siku moja mapema, wale aliokutana nao watajulikana wakiwa wachache. Katika wilaya zenye njia panda ya Nyakanazi na mipaka ya Rusumo na Kabanga, ambako msafiri wa asubuhi huweza kulala nchi nyingine, siku moja si kitu kidogo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkongo ni mgeni aliyepita katika mashamba ya wenyeji. Hatusemi mgeni azuiwe asiende kwa jirani. Kuwahudumia Rwanda na Burundi ni heshima na ni mapato. Tunasema mwenyeji naye apone.

HATARI YA KUTEGEMEA UZI MMOJA

Insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Elimu inayokusanya mikondo yote katika uzi mmoja huikusanya na hatari yote humo. Zamani ukikatwa waya mmoja wa simu, alinyamaza mtu mmoja. Leo ukikatwa uzi mmoja, hunyamaza mikoa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika baharini, upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizotaabika. Watu wengi walijua siku hiyo kwa mara ya kwanza kwamba salamu zao hupita chini ya bahari.

Dawa yake si kuacha kuchanganya mawimbi. Dawa ni kujenga mizunguko. Uzi ukimfikia mtu kwa njia mbili zisizofuatana, njia moja ikikatwa rangi zote hugeuzwa na kupitia ya pili kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Lakini nyuzi mbili zilizolala katika mtaro mmoja si njia mbili. Trekta moja la barabara litazikata zote. Hali hiyo hiyo ni kwa umeme: kikuza nuru kisicho na umeme ni jiwe tu, na kituo kimoja kikizima huzima rangi zote zikipitazo.

WAJIBU WETU

Kwa watumishi wa serikali na viongozi wa halmashauri tuna machache ya kuomba. Kila barabara ijengwapo au kukarabatiwa, na ilazwe mifereji mitupu ya plastiki kando yake kabla ya lami, maana kufukua mara ya pili ni kuupoteza mara mbili mfuko wa umma. Kila halmashauri na iwe na orodha ya zahanati, shule za sekondari na ofisi za kata zake, ikionyesha umbali wa kila moja kutoka mahali rangi ishukapo, ili fedha zikipatikana, ziwe za bajeti ya wilaya au za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, pasiwe na mabishano ya kuanzia wapi. Na mikataba ya kuwapelekea majirani mawasiliano isainiwapo, lisisahauliwe fungu la rangi litakaloshuka njiani. Rangi moja kati ya 40 haimpunguzii jirani kitu. Kwa kata ya mpakani ni mlango.

Kwa ndugu wa visiwani, dai lenu liwe la minara yenye viungo vipana vya kufika bara, na panapowezekana, la mkongo wa chini ya maji. Unguja imeunganishwa na bara kwa mkongo wa chini ya bahari, wala ziwa letu si bahari kubwa kuliko Hindi. Mfikishieni diwani na mbunge dai hilo kwa hesabu: watu wangapi, mitumbwi mingapi, zahanati ngapi.

Kwa wananchi wote, mkongo ni mali yetu na ulinzi wake ni wetu. Aonaye alama za njia ya mkongo shambani asichimbe hapo choo wala kisima kabla ya kuuliza ofisi ya kijiji. Na yule anayeukata akidhani atapata shaba ya kuuza, na ajue kwamba ndani ya uzi wa mawasiliano hamna shaba. Mna kioo, ambacho kikikatwa hakimfai mtu yeyote. Atakuwa amebeba vipande visivyo na mnunuzi, na ameinyamazisha hospitali ambayo huenda kesho atapelekwa yeye mwenyewe.

Maji ya Ruvubu na Kagera yataendelea kukutana Rusumo na kwenda zao, wala hakuna atakayeyachambua. Mto wa nuru haukuumbwa hivyo. Huo unaweza kuambiwa: rangi hii ipite, na rangi hii ishuke. Ngara na Biharamulo zimeupa mto huo njia. Sasa wenye madaraka ya kuuambia na wauambie.